Upande Ambao Pfaller Hakuukinga

"Nyanyua zaidi, Daktari," alisema Mkaguzi Irmtraud Sailer.

Daktari Leopold Zirngibl alikuwa katikati ya ukumbi, ameshika upanga wa mazoezi kwa mikono miwili. Jasho lilimtiririka, ingawa mabomba ya joto yalikuwa yamezimwa tangu Jumamosi na pumzi za watu zilionekana hewani. Mbele yake alisimama Sajini Korbinian Haas, amejibana ndani ya koti nene la mazoezi, uso wote umefunikwa na kinyago cha wavu wa chuma. Asubuhi hiyo Haas ndiye aliyeshika nafasi ya marehemu.

"Hapa panatosha," daktari alisema.

"Jumamosi uliniambia mikono ilikuwa juu ya sikio. Mpini juu, ncha inamtazama mwenzako usoni. Mkao wa Fahali, ndivyo mnavyouita?"

"Ndivyo."

"Basi nionyeshe Fahali. Huyo ninayemwona hapo ni ndama."

Haas alicheka ndani ya kinyago. Sailer hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa kulia wa daktari. Ulipanda hadi usawa wa bega, ukatetemeka, ukakwama. Zirngibl aliuma meno na kujaribu tena. Ncha ya upanga ikaanguka na kugonga sakafu ya mbao.

"Bega lina nini?"

"Limeganda kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka," daktari alisema.

Pasaka ilikuwa zamani. Nje, barafu nyembamba ilikuwa imeanza kushika kingo za mto Danube. Jumamosi iliyopita Gernot Pfaller, mwalimu wa upanga mrefu, alifia ndani ya ukumbi huu, ambao zamani ulikuwa ghala la kiwanda cha bia hapa Regensburg. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane. Nusu ya maisha yake aliitumia kusoma vitabu vya mapigano vilivyoandikwa na mabingwa wa karne ya kumi na tano, na kuyajaribu maneno yao kwa chuma ili ajue walikuwa na maana gani. Upanga uliomuua ulikuwa butu, ncha yake nene kama kidole gumba. Lakini ncha hiyo ilimpata kooni, na koo halikuwa na kinga. Uso nao haukuwa na kinyago. Koromeo lilipondeka, akakosa pumzi, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakwenda.

Polisi walimkuta Zirngibl peke yake, amepiga magoti kando ya mwili. Alikuwa daktari wa macho na rafiki wa Pfaller tangu ujana. Hakungoja kuulizwa. "Ni mimi," alisema. "Ilikuwa ajali."

Sailer alikuwa amewasikiliza watu wengi wanaokiri kabla ya kuulizwa. Wengine ni wakweli. Wengine wana haraka ya kufunga mlango kabla hujachungulia ndani.

"Haas, mpe upanga wenyewe."

Sajini alivua kinyago, akaleta upanga uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Daktari alivaa glavu zake nene za ngozi, akajaribu kuushika juu ya plastiki. Mkono mmoja ulienea. Wa pili ulibaki nusu juu ya mpini na nusu hewani.

"Mfupi," Sailer alisema.

"Ni wa chama. Yeyote huutumia."

"Fundi aliyeufua yuko Straubing," Haas alisema. "Nimeongea naye jana. Anasema aliukata mpini makusudi, kwa ajili ya mikono midogo. Mikono ya Walburga Pfaller, binti wa marehemu."

"Mwacheni msichana."

"Ana miaka ishirini na sita, Daktari. Si msichana."

"Kwangu ni msichana. Mimi ndiye niliyemshika siku ya ubatizo wake." Alimrudishia Haas upanga. "Nimekwambieni ni mimi. Mnataka nini tena?"

"Nataka mtu aliyemchoma Pfaller kutoka juu kwenda chini, kwa mkono unaonyanyuka," Sailer alisema. "Kakae chumba cha kubadilishia nguo. Askari atakuletea kahawa. Usimpigie mtu simu."

Daktari alipotoka, Haas alijifuta jasho. "Bosi, ndani ya kinyago hiki ni kama kuitazama dunia kupitia chujio la chai. Giza tupu. Sijui wanapiganaje."

Sailer alikwenda ukutani, kwenye vigingi ambako vinyago vilitundikwa kila kimoja na jina. Alishusha cha Pfaller, akapitisha kidole ndani yake, penye kitambaa cha paji la uso. Kidole kilitoka na vumbi. Alikitazama kinyago cha jirani. Kilikuwa bado na chumvi ya jasho.

"Mwalimu hakukivaa chake kwa miezi," alisema. "Ulizia kwa nini."

Aliyepaswa kuulizwa alikuwa mlangoni tayari, anakung'uta theluji viatuni. Profesa Ottilie Brandmair alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, nywele za mvi zimekatwa kama za mwanajeshi. Alitoka Mainz, naye pia alisoma vitabu vilevile. Wanafunzi wote watano waliohojiwa na Haas walilitaja jina lake. Walisema yeye na Pfaller walikuwa paka na mbwa, na kwamba Ijumaa alionekana mjini.

"Nasikia mnanishuku," alisema huku anavua skafu.

"Tunashuku kwa zamu, Profesa," Haas alisema. "Sasa ni zamu yako."

"Jumamosi asubuhi nilikuwa makumbusho, nazungumza mbele ya watu themanini. Nusu yao walikuwa wamelala, lakini nusu nyingine watanishuhudia."

"Tumekwisha kuwauliza," Sailer alisema. "Sikukuita kwa hilo. Mligombana juu ya nini?"

"Juu ya hatua moja ya mguu."

Haas alimtazama mkubwa wake, kisha akamtazama profesa. "Watu wazima mnagombania hatua moja ya mguu?"

"Sajini, vitabu hivi viliandikwa na watu ambao hatua moja ndiyo iliyowatenganisha na kaburi. Tena waliandika kwa mafumbo, sentensi nusunusu, ili asiye mwanafunzi wao asielewe. Sisi kazi yetu ni kushika upanga na kujaribu mpaka sentensi ikae sawa mwilini. Ikikaa vibaya, umeisoma vibaya."

"Nionyeshe hatua yenyewe," Sailer alisema.

Profesa alichukua upanga wa mti kutoka kwenye pipa la kona. Hapo hapo uzee ulimtoka. Alisimama kama mti uliopandwa. "Adui anachoma kutoka juu. Wewe unapangua na wakati huohuo unachepuka. Swali ni, unachepuka kushoto au kulia? Gernot alifundisha kushoto tangu nimjue. Mimi niliposema kulia, huko Vienna, aliniumbua mbele ya watu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Haya, vuli hii ananipigia simu. Anasema ni kulia. Kulia tu, na mtu yeyote wa maana atamshambulia kutoka upande wa kushoto."

"Si ulishinda?"

"Ningefurahi kama angenipa sababu. Nilimwuliza, ushahidi uko wapi? Gernot ambaye angekubishia mpaka uombe maji, akanyamaza. Akakata simu." Profesa aliushusha upanga. "Nilifikiri anazeeka, nikampigia nikamwambia hivyohivyo. 'Gernot, umechoka, waachie vijana.' Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Miaka yote hiyo tumegombana, na kila Krismasi alinitumia keki. Mwaka huu sijui nitakula nini."

Alifuta pua kwa skafu, wala hakujificha.

"Na kinyago?" Sailer aliuliza. "Alikiacha lini?"

"Vuli hiyohiyo. Akasema wazee wa kale hawakuwa na vinyago, kwa hiyo tujaribu bila, tuone wao waliona nini. Polepole, lakini bila. Nilidhani ni bidii ya mtafiti."

Sailer alimvuta Haas kwa mkono wa koti na kumsimamisha mbele yake. Akachepuka kulia, akatulia. Haas alikuwa sasa upande wake wa kushoto. Akarudi, akachepuka kushoto. Haas akawa upande wake wa kulia. Alirudia tena, taratibu, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza hatua za mpangaji wa ghorofa ya juu.

"Mnacheza dansi?" mtu aliuliza mlangoni.

Walburga Pfaller alikuwa amevaa koti jeusi la baba yake; mikono ilizama ndani ya mikono ya koti. Haas alikuwa ametuma gari kumchukua nyumbani. Alisimama pembeni ya ukumbi na hakukanyaga sehemu ya katikati. Profesa Brandmair alimwendea, akamkumbatia bila neno, akatoka.

"Mjomba Poldi amesema nini?" Walburga aliuliza. Ndivyo alivyomwita Zirngibl.

"Amesema ni yeye."

"Mwongo." Alivuta pumzi. "Mwongo mwema, lakini mwongo. Aliniburura mpaka mlango wa nyuma. Akaniambia nenda, kaa kanisani, usitoke mpaka nikupigie. Nami nikaenda. Nilikwenda, Mkaguzi. Baba yangu amelala pale, nami nikaenda."

"Kaa chini, Walburga. Nieleze."

Alikaa kwenye benchi refu la ukutani. Maneno yalimtoka bila kupumzika, kama maji yaliyozuiwa.

"Tulikuwa tunajiandaa kwa mkutano wa Mainz. Alitaka kuuonyesha mchezo wake mpya mbele ya wenzake wote. Akaniagiza: nichome kutoka juu, upande wake wa kushoto, kasi ya kati. Tukafanya tena na tena. Anapangua, anachepuka kulia, safi kabisa. Na mimi hasira inanipanda."

"Hasira ya nini?"

"Kwa sababu ni uongo! Adui hajaahidi upande. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo nikiwa na upanga wa mti usiozidi mwiko. 'Burgi, adui hajaahidi kitu.' Sasa anataka kusimama Mainz na mchezo ambao adui anajua zamu yake kama mwigizaji. Wangemcheka. Nikasema moyoni, afadhali aaibike hapa, mbele yangu na Mjomba Poldi tu. Nikabadilisha upande. Nikachoma kulia."

"Kwa kasi gani?"

"Ileile. Kasi hiyo haimshindi Gernot Pfaller. Nimemchoma pale maisha yangu yote, hajawahi kushindwa kupangua. Nilijua atapangua, halafu atanigombeza." Alitazama mikono yake. "Hakufanya kitu. Alikuwa ananitazama usoni. Hakupepesa hata jicho. Nilipoona hapangui nikajaribu kurudisha mikono. Chuma kilikuwa kimeshafika."

Haas alikitundika kinyago alichokuwa amekishika.

"Kuna jambo nataka kukuuliza," Walburga alisema, sauti imeshuka. "Sijamwuliza mtu. Aliuona ule upanga. Haiwezekani asiuone, ulikuwa mchana kweupe. Mtu anayeona upanga unakuja, na anajua kujikinga kuliko mtu yeyote nchini, na asijikinge... huyo anataka nini?"

Sailer alikaa kando yake. "Kabla sijakujibu, nijibu mimi. Gari la baba yako liko wapi?"

"Aliliuza. Mwezi wa tisa. Alisema treni zinamtosha."

"Mlikuwa mnakula pamoja?"

"Jumapili. Maswali gani haya?"

"Alikuwa anamaliza chakula?"

Walburga alikunja uso. "Siku hizi alikuwa anaacha. Nampikia madonge ya viazi na nyama ya nguruwe, kitu anachokipenda tangu utoto. Anakula nusu, halafu ananiuliza, 'Yamekwisha?' Na mengine yako palepale mbele yake. Nilifikiri ananitania. Nikimzungushia sahani anacheka, anakula."

"Yanabaki upande gani wa sahani?"

Walburga aliinua mkono ili aonyeshe sahani hewani. Mkono ukaenda kulia, ukasimama. Akamtazama mkaguzi, na mdomo wake ukabaki wazi.

Sailer alikwenda dirishani akapiga simu. Daktari Achleitner, aliyekuwa amepasua maiti, alipokea huku anatafuna kitu.

"Ile michubuko midogo uliyoitaja," Sailer alisema. "Ile ya zamani, isiyohusiana na kifo. Iko wapi?"

"Bega, kiwiko, nyonga. Kama mtu anayejigonga kwenye miimo ya milango. Umri huo ni kawaida."

"Upande?"

Karatasi zilisikika. Kutafuna kukakoma. "Kulia. Yote kulia."

"Ubongo umeukata?"

"Bado, uko kwenye dawa. Aliyekufa kwa koo, sina haraka na—"

"Nenda ukautazame. Nyuma kabisa, upande wa kushoto. Nangoja."

Alingoja. Chini, mtoni, jahazi la mizigo lilipita polepole na bendera ya Austria. Achleitner aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kuna kovu. Limebonyea na ni laini. Kiharusi kidogo, cha miezi kadhaa iliyopita. Sehemu inayosoma yale macho yanayoyaona upande wa kulia. Irmtraud, huyu mtu alikuwa haoni upande wa kulia. Macho mazima, lakini nusu ya dunia imefutika. Umejuaje?"

"Mama yangu," Sailer alisema. "Baada ya kiharusi alikuwa anakula nusu ya sahani."

Alimwita Haas. "Mlete Zirngibl."

Daktari aliingia, akamwona Walburga kwenye benchi, akasimama ghafla. "Burgi, nilikwambia—"

"Amekwisha sema," Sailer alimkata. "Sasa ni zamu yako, na safari hii sitaki habari ya Fahali. Pfaller alipata kiharusi kabla ya vuli. Alianza kujigonga milangoni, akashindwa kusoma mistari mpaka mwisho. Mtu kama yule, ambaye kusoma ndiyo kazi yake, angekwenda kwa daktari wa macho. Na daktari wa macho aliyemwamini alikuwa mmoja."

Zirngibl alishika ukingo wa benchi na kukaa.

"Agosti," alisema. "Alikuja na kitabu chake mkononi, anasema maneno yanapotea. Nilimpima. Nilipomwonyesha picha, nusu ya kulia haikuwepo kabisa. Nikampeleka hospitali, wakampa dawa za damu. Uoni haukurudi."

"Ukamruhusu apigane."

"Nilimkataza gari." Alifunika uso kwa viganja. "Upanga sikumkataza. Gari nilimwambia siku ileile, nikasema utaua mtoto wa watu barabarani. Upanga... aliniomba, Mkaguzi. Alisema, 'Poldi, ukinitoa upanga utaniachia nini? Nipe mpaka Mainz tu.' Alisema atapigana upande mmoja, polepole, na Burgi tu. Alikuwa ameupanga mchezo mzima kuzunguka ule upande wake uliobaki, na kinyago alikiacha kwa sababu wavu ulimpunguzia hata huo. Nami nimefungwa na kiapo cha kazi, siwezi kutoa siri ya mgonjwa."

"Kiapo kilikufunga mdomo. Miguu hakikuifunga. Jumamosi ulikuwa hapa. Ungeweza kusimama katikati yao."

"Nilikuwa nimekaa papa hapa. Nilimwona Burgi anahamisha mikono, nikajua anakwenda kulia. Nilijua kabla hajafika. Nilifungua mdomo."

"Ukasema nini?"

"Hakuna kilichotoka."

Walburga alikuwa amesimama. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo hakuuona."

"Hakuuona, mwanangu."

"Alikuwa ananitazama mimi."

"Alikuwa anakutazama wewe. Upanga, kwake, haukuwepo."

"Hakutaka kufa."

"Kufa? Gernot?" Daktari aliinua kichwa, machozi yamejaa kwenye mikunjo ya uso. "Alikuwa ameshakata tiketi ya treni. Alinunua na shati jipya. Alitaka kwenda Mainz amwudhi Ottilie."

Kitu fulani kilimtoka Walburga, nusu kicheko na nusu kilio, kisha kilio kikashinda. Alilia amesimama, mikono imezama ndani ya koti la baba yake, wala hakuna aliyethubutu kumgusa. Ndiyo mara ya kwanza tangu Jumamosi, Haas alimwambia mkaguzi baadaye. Majirani walikuwa na wasiwasi kwa vile hakulia.

Alipotulia alikaa tena, akamgeukia Zirngibl.

"Yeye asingekusikiliza. Hilo nalijua, namjua baba yangu. Lakini mimi ungeniambia. Neno moja tu, Mjomba. 'Burgi, usichome kulia.' Bila sababu yoyote. Ningekutii."

Daktari alifungua mdomo. Kama Jumamosi ile, hakuna kilichotoka.

Sailer alisogea mbele yao. "Daktari, kuwadanganya polisi utajibu kwa mwendesha mashtaka. Mengine nayo ataamua yeye. Kwa leo nenda nyumbani, na usitoke mjini." Kisha akamgeukia Walburga. "Wewe nitakuandikia maelezo yako sasa. Nitaeleza kwamba kasi ilikuwa ya kati, kwamba marehemu alificha ugonjwa. Ukitaka, suala la kubadilisha upande tunaweza kulieleza kwa—"

"Hapana," Walburga alisema. "Msinipunguzie. Nataka iandikwe ilivyokuwa."

Zirngibl alikuwa amefika mlangoni, kofia mkononi.

"Mjomba Poldi, usiondoke," Walburga alisema bila kugeuka. "Rudi ukae. Utasikia na wewe."

Mzee yule alirudi. Alikaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Haas alitoa kinasa sauti mfukoni, akakiweka juu ya mapaja ya Walburga, akakiwasha, akainamisha kichwa kumpa ishara.

"Jina langu ni Walburga Pfaller," alisema. "Baba yangu aliniambia nichome kushoto. Nilichoma kulia."